Mkurugenzi wa Kabati la Vyombo

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimeanza biashara. Naiandika siku hii kwa kalamu kwa sababu matajiri wote huulizwa walianza lini, na wengi hujiumauma. Mimi sitajiumauma. Nilianza leo, baada ya chai, nikiwa nimevaa kandambili.

Sababu ni shemeji. Tangu kifungwe kiwanda cha biskuti nilikokuwa mtunza ghala, kaka yake mke wangu hanipi nafasi ya kupumua. Ana duka la vifaa vya ujenzi na tumbo la kulingana nalo. Jana alikuja hapa nyumbani, akala, akaongezewa, akafuta mdomo, ndipo akasema kaunta yake ina nafasi ya mtu mmoja. Kazi ni kupima misumari. Sare ni aproni ya bluu. Alipotaja aproni alinitazama kifuani, kama fundi cherehani anayechukua vipimo.

Mke wangu akasema nikubali. Nikasema siwezi, nina mpango. Akauliza mpango gani. Nikasema kuuza bidhaa mtandaoni. Shemeji alicheka mpaka akaomba maji.

Mke wangu hakucheka. Ni muuguzi, amezoea kusikiliza watu wakieleza mambo yasiyoeleweka. Akanipa hadi Jumapili ya tarehe 16. Biashara ikiwa imesimama kwa miguu yake, atamwambia kaka yake asahau. Ikiwa haijasimama, Jumatatu inayofuata nivae aproni bila kununa. Nikakubali mbele ya shemeji. Sasa nikishindwa, nimekwisha!

Nimeshapata mwalimu. Yumo kwenye simu, anajiita Kocha, anawafundisha wanaoanza bure kabisa. Anavaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Nyuma yake kuna gari zuri, ingawa katika video zote sijamwona akilifungua mlango.

Jumanne, 4 Juni

Somo la kwanza la Kocha: tafuta bidhaa inayotatua tatizo la watu. Nikawauliza watu wa nyumbani wana tatizo gani. Binti yetu, anayesoma sekondari na kujiona ameshamaliza, akasema tatizo ni kwamba kuna mtu anamaliza bando la nyumba kwa kumtazama Kocha. Mke wangu akasema bomba la jikoni linavuja tangu mwaka jana na halihitaji mtandao, linahitaji mwanamume mwenye spana. Nimeandika pembeni: watu wangu hawana fikra za kibiashara.

Mchana wote nimetafuta jina. Nimeliita Duka la Dunia Nzima. Nembo ni tai aliyetandaza mabawa, nimemchora mwenyewe. Binti akauliza kwa nini kuku amelowa. Nikamwongezea tai kucha.

Halafu somo la pili. Hili limebadilisha maisha yangu. Kocha anasema anayeanza hana haja ya kuwa na mzigo! Unapiga picha, unaweka mtandaoni, mteja analipa, ndipo unakwenda kuinunua bidhaa kwenye duka la jumla na kumpelekea. Nilirudia kipande hicho mpaka simu ikapata moto. Miaka yote nilikaa kiwandani nikilinda maboksi, kumbe maboksi hayahitajiki!

Na akaongeza neno la dhahabu: mteja haambiwi kamwe kwamba hatuna. Ukimwambia hatuna, amekwenda kwa mwingine na harudi. Nimeliandika neno hilo kwenye karatasi na kulibandika juu ya kitanda, upande wangu.

Jumatano, 5 Juni

Siku ya picha. Unapigaje picha ya kitu usichokuwa nacho? Swali hilo lingemkwamisha mtu wa kawaida. Mimi nilisimama katikati ya sebule, nikageuka taratibu, macho yakatua kwenye kabati la vioo.

Hapa nieleze. Katika kabati hilo mna vyombo ambavyo havitoki mpaka aje mgeni wa maana. Nimeishi humu tangu tuoane na sijawahi kunywea hata kikombe kimoja cha mle ndani. Mfalme wa vyombo vyote ni chupa ya chai: nyekundu iliyoiva, maua ya dhahabu, mdomo uliopinda vizuri. Mama mkwe alimpa mke wangu siku alipotoka kwao kuja kwangu. Mke wangu huifuta mwenyewe. Binti haruhusiwi. Mimi hata sijadiliwi.

Wote wawili walikuwa wametoka. Nikaitoa. Kocha anataka nyuma ya bidhaa pawe peupe, nikatundika sare nyeupe ya mke wangu dirishani. Chini ya chupa nikaweka trei ya maua na vikombe vinne. Ili picha iwe na uhai, nikatia chai ya moto ndani, mvuke upande kwa mdomo. Ukapanda! Picha ni ya kiwango cha kimataifa.

Sare ndiyo iliyopata ajali, nilimimina huku nikitazama simu. Nikaifua, nikaianika, haikukauka. Jioni mke wangu akauliza kwa nini sare ina unyevu. Nikasema hali ya hewa. Akatazama nje, jua likiwaka, akawasha pasi.

Jambo moja zuri. Nilipoigeuza chupa ili kumwaga chai, niliona chini yake doa dogo la rangi nyekundu, limewekwa kwa makusudi. Nikatazama vikombe, navyo vina doa. Trei pia. Bila shaka ni alama ya ubora kutoka kiwandani. Kiwanda chetu cha biskuti nacho kilikuwa na mhuri wake. Nimeiongeza kwenye maelezo: kila chombo kina alama nyekundu ya ubora, jihadhari na bidhaa bandia.

Alhamisi, 6 Juni

Hakuna mteja. Kocha anasema watu hununua pale ambapo wengine wameshanunua na kusifu. Maoni mazuri ndiyo chambo. Kwa kuwa sina aliyenunua, nikajisaidia. Nikafungua akaunti nyingine na kuwa mama wa watoto pacha, nikasifu chupa inavyotunza joto. Nikafungua nyingine na kuwa mhandisi mstaafu, nikasifu mdomo wake usiochuruzika. Nilipokuwa mhandisi niliandika kwa hisia kali, karibu machozi yanitoke.

Kisha nikawa bibi harusi mwenye furaha. Nikaandika kwamba muuzaji ni mwaminifu, mpole, na mwanamume mwenye maono. Ndiyo kwanza nikabonyeza, nikaona nimesahau kubadili akaunti. Duka la Dunia Nzima limelisifu Duka la Dunia Nzima kwa maono yake, na kujishukuru kwa kuiokoa ndoa yake.

Nilifuta haraka, lakini shemeji alikuwa ameshaona. Yule mtu huwa hauzi misumari? Akaandika hadharani, chini ya picha, akiuliza kama dukani kwetu tunauza aproni za bluu. Watu kumi na kitu wamecheka naye, mmoja wao binti yangu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Juni

Mteja! Mteja wa kweli, mwenye pumzi!

Hana picha ya uso, ana picha ya waridi. Aliandika asubuhi akiuliza kama chupa ni mpya. Nikajibu kwamba imetunzwa kabatini tangu itoke kiwandani na haijawahi kufika jikoni, jambo ambalo ni kweli tupu. Akauliza kama ina mkwaruzo. Nikasema haina hata wa kusingiziwa. Akaomba apunguziwe. Kocha anasema bei ikishatajwa isimamie. Nikaisimamia mpaka saa nne. Ana maneno ya adabu huyu mama, lakini yanakata. Alinikumbusha kuwa anaweza kuwa mama yangu, akaniuliza kama mama yangu ningemtoza hivyo. Nikapunguza. Akauliza tena. Nikapunguza tena. Nadhani mwishoni nilikuwa nikimwomba yeye radhi.

Kisha simu ikalia. Amelipa, kwa simu ya jirani yake, na mzigo utumwe kwa jina la jirani huyo! Nikaizunguka nyumba mbio. Mke wangu akatoka chumbani akidhani kuna nyoka. Nikamwonyesha ujumbe wa malipo. Akausoma, akausoma tena, halafu akatabasamu mpaka lile jino lake la pembeni likaonekana. Sijaliona jino hilo tangu kiwanda kifungwe. Hakuuliza nimeuza nini, aliuliza kama nimekula. Nilifurahi jamani. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia malipo yenyewe.

Jumatatu, 10 Juni

Siku ngumu. Nilikwenda maduka ya jumla kununua chupa niliyokwisha kuiuza. La kwanza hawana. La pili hawana. La tatu, mzee mwenye duka akaitazama picha kwa muda mrefu, akaita mkewe, naye akaitazama, wakashika mashavu. Akasema chupa za namna hii ziliacha kutengenezwa zamani, marehemu dada yake alikuwa nayo, na mwenye nayo leo asiiachie. Nikamwambia mbona mimi ninayo. Akasema basi nina bahati.

Nikarudi nyumbani nimenywea. Kumrudishia mteja fedha zake? Kocha anasema huko ndiko biashara changa zinakofia. Kumwambia hatuna? Karatasi ipo juu ya kitanda, inanitazama. Na Jumapili inakuja, na lile jino.

Nikapiga moyo konde. Nikarudi kwa yule mzee, nikanunua chupa nyekundu aliyokuwa nayo. Tofauti ni ndogo: haina maua ya dhahabu, ina bata mkubwa anayeogelea. Nimeiweka kabatini bata akitazama ukuta. Kwa mbele ni wekundu mtupu, na mke wangu hutoka alfajiri na kurudi amechoka. Ile yenyewe nimeifunga kwa magazeti ndani ya boksi la biskuti la kiwanda chetu, nikalizungushia utepe wa gundi, nikampa dereva wa pikipiki aipeleke kituo cha vifurushi. Roho iliniuma kidogo alipowasha pikipiki. Nikajiambia ni ya muda tu, biashara ikikua nitamnunulia mke wangu iliyo bora zaidi.

Jumatano, 12 Juni

Mambo yamechanganya! Jana mama mwenye mgahawa aliiona trei kwenye picha. Haitaki chupa, anataka trei. Je, tunauza trei? Nikamwambia tunauza kila kinachoonekana. Kesho yake, yaani leo, akataka na vikombe. Vimekwenda. Kocha huita hili kumkuza mteja, na amechukua mapato yote ya wiki kwa somo la ngazi ya pili, ambalo bado halijafunguka.

Kabati nimelipanga upya. Vyombo vilivyobaki nimeviachanisha, kama madawati ya siku ya mtihani. Pengo la katikati nimelizibia picha yetu ya harusi. Mke wangu alipita, akaiona, akasema sikujua kama siku hizi una mahaba. Nikaisogeza picha katikati zaidi.

Jioni, mbele yangu, akampigia simu kaka yake. Akamwambia ile nafasi ya kaunta ampe mtu mwingine, mume wake amejiweza. Nilisimama karibu ili nisikie shemeji atasema nini. Hakusema kitu kwa muda. Kimya kitamu kile, ningeweza kukipaka kwenye mkate.

Kisha akampigia mama yake. Mama mkwe amefurahi mno. Anakuja Jumamosi kunipongeza kwa mdomo wake mwenyewe, akiletwa na shemeji kwa gari. Na anasema siku hizi naye ameshajua kununua vitu kwenye simu, kikundi chake cha akina mama kimemfundisha, na ana zawadi ya bintiye ambayo hataki kuitaja. Wazee wa siku hizi hawataki kuachwa nyuma! Nimependezwa sana.

Ijumaa, 14 Juni

Nimeamka na wazo moja baya. Nani duniani ni mgeni wa maana kuliko mama mkwe? Kesho kabati litafunguliwa!

Nimetembea sebuleni asubuhi nzima. Kumwambia mke wangu ukweli kulinipitia kichwani, kukaendelea na safari. Ndipo akili ikafunguka: mlango usiofunguka hauna siri. Nikaenda dukani kwa shemeji kununua gundi kali. Akauliza ya nini. Nikasema ya kufungia mizigo ya wateja, maana ni mingi. Alinipa kopo bila kunitazama. Amenywea kweli.

Nikaipaka kwenye kingo zote za mlango wa kabati, nikaubana kwa bega huku nikihesabu pumzi. Ukashika. Tatizo ni kwamba na shati lilishika. Nilikaa hapo, nimeegemea kabati, mpaka binti aliporudi shuleni. Akaniuliza nafanya nini. Nikasema natafakari. Akaleta mkasi, akakata shati begani, akasema hataki kujua na hajaona kitu. Mtoto ana busara, amenifuata mimi.

Jumamosi, 15 Juni

Naandika haya nikiwa bafuni. Ndipo mahali pekee penye kitasa.

Walifika mchana. Mama mkwe akanishika mikono yote miwili, akaniita mwanangu, akasema siku zote alijua nina kitu kichwani ingawa kilichelewa kutoka. Shemeji akasimama nyuma yake ananuka rangi ya mafuta. Nikawakaribisha viti. Hapo nilikuwa bado mkurugenzi.

Ndipo mama mkwe akamwomba shemeji alete ule mzigo garini. Akaingia nao. Boksi la biskuti. La kiwanda chetu. Utepe wa gundi umezungushwa kwa mtindo ambao ghala zima lilikuwa likiuita kwa jina langu.

Nikaikumbuka picha ya mteja wangu. Waridi! Mama mkwe ana mawaridi mlangoni kwake, kwenye pazia, kwenye foronya, kwenye kila kitu, na mimi nilimpunguzia bei asubuhi nzima bila kuwaza!

Akaanza kusimulia. Akasema siku aliyompa bintiye ile chupa alitamani kungekuwa na mbili, kwa sababu chupa ya mgeni ikiwa peke yake, wageni wa pili hungoja. Ameitafuta nyingine miaka yote. Wiki iliyopita akaiona kwenye simu, kwa muuzaji mmoja mjinga mjinga hivi, aliyeanza kwa ukali na kuishia kumwomba radhi. Akaibana mpaka akaipata kwa bei ya kutupa. Walicheka wote. Na mimi nikacheka, ningefanyaje? Akalalamika tu kwamba aliapiwa ni mpya na ndani inanuka chai. Akijuana na mtu huyo, atamwambia.

Mke wangu akaifungua. Akapiga kigelegele. Nyekundu ileile! Maua yaleyale! Akasema ngoja aiweke karibu na mwenzake wapigwe picha pamoja. Akaenda kwenye kabati. Akavuta. Mlango ukagoma. Nikasema ni hali ya hewa. Nikasema tusihangaike, tunywee vikombe vya kawaida, mama si mgeni, mama ni mwenye nyumba. Nilikuwa naongea haraka sana. Shemeji akainuka, akatoa bisibisi mfukoni, kwani mtu yule hutembea na bisibisi hata akienda kusalimia, akaichomeka pembeni, akasukuma kidogo tu. Mlango ukafunguka kwa mlio. Gundi yenyewe aliniuzia yeye!

Picha ya harusi ikaanguka ikalala kifudifudi. Mke wangu akatazama nafasi ya trei, ya vikombe, akanyoosha mkono kwenye chupa, akaigeuza. Bata. Mama mkwe akasema lo, na mwenzake amebadilika jamani.

Kisha mke wangu akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Aliichukua ile aliyoletewa, akaipindua, akatazama chini yake. Doa jekundu. Akamwonyesha mama yake. Mama mkwe akasema ndiyo, hiyo ni alama ya ubora, muuzaji alieleza. Mke wangu akasema kwa sauti ya chini sana kwamba ni rangi yake ya kucha. Huzitia alama vyombo vyake vyote, ili akiviazima kwenye shughuli za watu visipotee kwenye vyombo vya wenzake.

Watu watatu wakanigeukia. Nikaomba ruhusa niende bafuni.

Jumapili, 16 Juni

Mama mkwe aliondoka jana bila kuniita mwanangu. Kabla ya kupanda gari alinipa nyota moja mtandaoni, na kuandika kwa herufi kubwa kwamba muuzaji ni mkwe wake. Shemeji hakucheka hata kidogo. Alinipigapiga begani, kwenye shati jingine, akasema aproni ameifua. Nilitamani angecheka.

Mke wangu hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, nilikuwa na majibu. Alikaa jikoni karibu na bomba linalovuja, nami nikasimama mlangoni. Nikamwambia mama mwenye mgahawa nitamwendea leo, nitamwomba vikombe na trei. Akasema sawa. Nikamwambia nisamehe. Akasema kilichomuuma si chupa. Kilichomuuma ni kwamba wiki nzima zahanati yote ameiambia mume wake amejiweza, mpaka wagonjwa wanajua, na alikuwa akiyasema kwa raha.

Nilikwenda nje nikalia kidogo nyuma ya tangi la maji. Niandike tu, hii ni shajara yangu. Nina aibu. Nimeapa kwa nafsi yangu: sitauza tena kitu kisicho changu.

Mama wa mgahawa ametoa trei. Vikombe navyo ametoa, ila kimoja kimevunjika sikio. Nimevirudisha kabatini na nimeitoa karatasi iliyokuwa juu ya kitanda.

Jumatatu, 17 Juni

Aproni inanibana. Shemeji amenikalisha kwenye kigoda nyuma ya kaunta, akaniambia nisiguse kitu, nisipange kitu, nisiboreshe kitu. Mteja akija nimwite yeye. Nimepima misumari. Misumari ni midogo na inachoma.

Lakini nimechunguza. Duka halina hata picha moja mtandaoni! Mtu huyu anauza kama babu zetu. Nilipomweleza, alinisogezea mzani, akasema nipime misumari.

Mke wangu amenitengea chai asubuhi. Tena alitia sukari. Ni mwanzo.

Jumatano, 19 Juni

Ushindi! Ushindi usio na doa!

Nilikuwa nimeelewa vibaya, sasa naona wazi. Kosa halikuwa biashara. Kosa lilikuwa kuuza vyombo, ambavyo wanawake wana hisia navyo. Vifaa vya ujenzi havina hisia. Na somo la ngazi ya pili lilifunguka jana: uza mahali ambapo mteja anakuja mwenyewe, usihangaike na vifurushi. Nikatulia. Nikapiga picha chache za hapa dukani, kimyakimya, ndani na nje, nikaziweka kwenye ukurasa mpya.

Leo asubuhi mvua ilipenya dukani, shemeji akapanda juu kuziba tundu kwenye bati. Hajamaliza kupanda, kaja mpaka rangi, mbio, simu mkononi. Ameona picha yangu! Anataka ngazi ndefu, ana kazi ya ghorofa, anaitaka sasa hivi na analipa sasa hivi. Nikaingia stoo. Ngazi zimekwisha zote. Mtu mwingine angesema hatuna. Mimi nikatoka nje naye, na pale ukutani ilikuwa imeegemea ileile ya kwenye picha, imara, mali halali ya duka, haijashikwa na mtu.

Hakuomba hata punguzo. Nilimsaidia kuibeba mpaka barabarani. Ameahidi nyota tano. Ni mteja wangu wa kwanza kuondoka akitabasamu, na jioni nitamweleza mke wangu yote, neno kwa neno.

Manyunyu yameanza tena. Shemeji ananiita kutoka juu kwa sauti kubwa sana, tena kwa jina langu kamili, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Bila shaka ameona kila kitu kutoka kule. Akishuka tutaongea habari ya kupandishwa cheo.